Jinsi ya Kuiokoa Dunia Ukiwa Mbagala

Kuiokoa dunia huchukua saa 40, au 60 kama wewe ni mtu wa kuingia kila nyumba na kusalimia kila mzee. Zitenge kabisa. Mwongozo huu ni wa mkazi wa Mbagala, Tandika, Buza, Mwananyamala au Tandale anayetaka kucheza gemu ya Kijapani ya kupigana kwa zamu, ile ya vijana waliochorwa kwa mtindo wa anime: macho makubwa, nywele zimesimama, upanga mrefu kuliko mwenye nao. Mtaani watakuambia gemu ni mpira, hayo mengine ya watoto. Wasikilize, wape heshima yao, kisha endelea kusoma.

Elewa kwanza unachoingia. Kwenye gemu ya mpira, mwenye vidole vyepesi ndiye mfalme wa banda. Huku vidole havina kazi kubwa. Watu wako watatu wanne wamesimama upande mmoja, zimwi upande wa pili, na zamu yako ikifika kila kitu kinatulia. Zimwi linapumua tu, linakutazama. Nenda kachote maji, rudi, utalikuta palepale. Ukishaamua ndipo unachagua: kupiga, kuroga, kumpa mwenzako dawa au kukimbia. Aliyewahi kusimama kijiweni Magomeni akatazama wazee wakicheza bao, mashimo 32 na kete 64, ameshaelewa nusu ya mambo. Mzee anakaa na kete mkononi muda anaoutaka, na hakuna wa kumwambia afanye haraka.

Ndivyo alivyokusudia Yuji Horii. Gemu yake, Dragon Quest, ilitolewa na kampuni ya Enix huko Japani tarehe 27 Mei 1986, wakati gemu nyingi zilikuwa za kuwahi na kukwepa. Horii alitaka hata mtu mzito wa mikono afike mwisho kwa uvumilivu: unapigana na wadogo, unapata uzoefu, unapanda levo, unamrudia yule aliyekupiga jana. Wahusika walichorwa na Akira Toriyama, huyuhuyu wa Dragon Ball. Adui dhaifu kuliko wote ni tone la bluu linalotabasamu, na usilidharau, maana ndilo litakalokulea. Toleo lile la kwanza halikuwa na kusevu. Lilikupa maneno ya siri yenye herufi 20 za Kijapani, unayaandika, na ukikosea kuyanakili safari imekwisha. Mpaka leo utahitaji kaunta buku na kalamu. Andika mlango gani umefungwa, nani anatafuta nini, kijiji gani kina dawa za bei nafuu. Mchezaji asiye na daftari atazunguka jangwani hadi Idi.

Sasa gemu gani? Mimi nakupeleka kwenye Final Fantasy X, iliyotoka Japani tarehe 19 Julai 2001 kwa ajili ya PlayStation 2. Sababu ya kwanza ni kwamba PS2 ni mashine ambayo mabanda ya uswahilini yanaijua ndani na nje, na fundi wake hayuko mbali. Sababu ya pili ni ya kisiasa. Kijana mkuu wa hadithi ni mchezaji mpira nyota. Mpira wenyewe, blitzball, unachezwa ndani ya maji, watu sita kila upande, lakini ni mpira. Yumo pia jamaa anaitwa Wakka, nahodha wa timu ya kisiwa cha Besaid ambayo imefungwa miaka nenda rudi na mashabiki bado wanaipenda, na silaha yake vitani ni mpira. Ukiwaonyesha hao wawili, banda zima litakupa dakika kumi za kwanza bila kelele. Hizo dakika ni mtaji.

Mwenye banda ndiye bosi wako wa kwanza, na hana udhaifu unaoonekana. Biashara yake ni ya mechi: mnalipa, mnacheza, aliyefungwa anaachia pedi. Wewe unakuja na mchezo usio na kipenga cha mwisho. Atakuuliza unacheza na nani. Ukisema peke yako, atauliza sasa nani atalipa akifungwa. Usibishane. Mwambie, "Kaka, nalipia saa, si mechi," na uje saa ambazo pedi zimelala: asubuhi ya siku ya kazi, watoto wakiwa shule, au jioni ambayo Simba na Yanga wanakutana na mtaa mzima umehamia kibanda umiza. Ukiwa wewe mwenyewe ni wa kuvaa sare, kwanza kasome. Dunia itakusubiri hadi Jumamosi.

Nunua memori kadi yako. Usicheze kwa kadi ya banda, kwa sababu ni ya watu wote, na siku yoyote mtu atafuta safari yako apate nafasi ya kuweka ligi yake. Kadi ya PS2 ni ya megabaiti 8, ndogo kama kiberiti, na itabeba siku zako zote za jasho, kwa hiyo itie mfukoni kila unapoondoka. Kisha weka sheria: kila ukiona tufe linalong'aa, sevu. Katika gemu hii ndipo pekee pa kusevu, na tufe hilohilo linawaponya watu wako. Umeme ukikatika katikati ya tufe moja na jingine, au uniti za LUKU zikiisha, unarudi nyuma na hakuna wa kumlalamikia. Muulize mwenye banda zimebaki uniti ngapi kabla hujaingia pangoni.

Tunafika kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini. Gemu hii ni hadithi, tena ndefu, na haina toleo la Kiswahili. Wanaongea Kiingereza mwanzo mwisho. Ukiisoma kimoyomoyo peke yako umewanyima watu waliokaa nyuma yako kwenye benchi. Dar es Salaam ina urithi wake katika jambo hili. Mabanda ya video yalikuwa na watafsiri waliokaa na maiki kando ya televisheni wakaigeuza filamu ya Hong Kong au ya Kihindi kuwa habari ya mtaani, na Lufufu, yaani Derek Mukandala, aliifanya kazi hiyo mpaka watu wakawa wanatafuta kanda kwa sababu ya sauti yake. Kaa kwenye kiti hicho. Soma mstari, utoe kwa Kiswahili, kwa sauti. Jambazi mpe lafudhi ya kujidai. Kijana mkuu unaruhusiwa kumpa jina ulitakalo, na sauti za kwenye gemu hazilitaji kamwe, kwa hiyo mpe jina la mtoto wa Buza na hakuna atakayekuumbua.

Kuna mahali pa kunyamaza. Mapema katika safari mnafika kijiji cha bandari kiitwacho Kilika, ambacho zimwi Sin limetoka kukibomoa. Miili imewekwa majini. Yuna, binti anayefanya hija kutoka hekalu hadi hekalu, anakanyaga maji peku, anacheza na fimbo yake, na roho za wafu zinapanda kuondoka. Hapo usitafsiri neno. Pwani hii inajua kusindikiza wafu bila kuelezewa.

Baada ya hapo banda litakuwa lako, na utaanza kuona faida ya zamu. Zimwi limesimama, mpangilio wa nani atafuata umeandikwa pembeni ya kioo, na watu kumi wana maoni. "Piga!" "Acha ujinga, mpe dawa dada kwanza!" "Mtoe huyo, ingiza Wakka!" Inawezekana kweli, unabadilisha mtu katikati ya vita bila kupoteza chochote. Wasikilize wote. Muda upo. Kwenye mpira, anayekushauri anakuchanganya. Hapa mtoto wa darasa la tano aliyekaa chini kwenye kreti anaweza kuokoa msafara. Mtakapokutana chini ya maji na joka lililokwisha kufa, Evrae Altana, watu wazima watalitwanga kwa panga nusu saa nzima. Yule mtoto atauliza: si limekufa? Litupie dawa ya kufufua. Manyoya mawili ya Phoenix, joka limelala. Mnunulie huyo mtoto soda, kisha mpe na pedi.

Siku ambazo hufiki bandani, fanya mazoezi ya levo njiani. Dragon Quest ya mwanzo ipo kwenye simu, inachezwa simu ikiwa wima, kwa dole gumba la mkono mmoja, na haihitaji bando ukishaipakua. Mtu wa Mbagala anajua thamani ya mkono mmoja: wa pili umeshika bomba la daladala. Kuanzia Rangi Tatu, kwa foleni ya Zakhiem na Mtongani, mtu mvumilivu anapanda levo mbili kabla ya Uhasibu. Ukipata siti, usikae dirishani na simu mkononi. Konda akidai nauli, weka simu mfukoni ulipe. Tone la bluu halitakukimbia.

Utashawishiwa pia na Honkai: Star Rail, ya kampuni ya miHoYo ya China, iliyotoka Aprili 2023. Ni ya zamu, imechorwa vizuri sana, na kuanza ni bure. Lakini inataka intaneti muda wote, inameza nafasi ya simu, na wahusika wazuri unawapata kwa bahati nasibu unayoweza kujikuta unailipia. Mtaani kwetu mikeka imeshatosha. Hela hiyo weka kwenye nauli.

Siku ya bosi wa mwisho geuza utaratibu wote. Chagua jioni ambayo hakuna mechi, maana sasa unawataka watu. Waambie mapema, uniti zinunuliwe, maji ya kunywa yawepo kwa ajili ya koo la mtafsiri. Waliomaliza wasiruhusiwe kusimulia kinachompata Yuna; anayefungua mdomo anatolewa nje na kiti chake. Majina ya mwisho yakianza kupanda, pedi isichomolewe mpaka yaishe. Na kabla hamjatawanyika, patana bei mpya na mwenye banda, kwa sababu mwaka 2003 walitoa Final Fantasy X-2, na Yuna anarudi.