Bantam ya Chama

Wanyama wa Muleba walikuwa na pikipiki moja ya chama, BSA Bantam, ya kupelekea kahawa bandarini Kemondo na kurudi na fedha za wakulima. Kwenye tangi palichorwa jogoo, na kwa ajili hiyo Jogoo wa Nshamba alidai kiti cha mbele katika kila kikao. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba pikipiki yenyewe asili yake ni Ujerumani: baada ya vita Waingereza walichukua michoro ya DKW RT 125 kama fidia, wakaigeuza kushoto kuwa kulia, na kuanzia 1948 wakaiuza kwa jina lao. Bukoba jambo hilo halishangazi mtu. Boma la mji huo lilianzishwa na Emin Pasha kwa niaba ya Wajerumani mwaka 1890, na Waingereza wakaja kurithi.

Mwaka 1976 ikatoka amri: pikipiki ifunguliwe. Kila mnyama akapewa kipande akitunze nyumbani kwake, jina lake likaandikwa daftarini. Mwaka 1982 ikatoka amri nyingine: iunganishwe. Vipande vikarudi na kutu, kimoja kikang'olewa mlangoni kilikokuwa komeo. Ngedere, fundi wa Kashai, akashusha injini, akabadilisha ringi, akazibua jeti ya kabureta kwa unyoya wa Jogoo (hakuuomba), akapaka tangi rangi. Ikameremeta. Siku ya uzinduzi Mwenyekiti Fisi akakata utepe, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Eksozi ikalipua mlio mmoja, kanga wakatawanyika migombani, injini ikanyamaza.

Kikao kikaitwa, posho ikagawiwa. Korongo, mtaalamu kutoka ng'ambo ya ziwa, akasema petroli haifiki. Wakachomoa mpira; petroli ikammwagikia miguuni. Ngedere akafungua plagi, akaiegemeza kwenye injini, Mbuzi akapiga kiki: cheche ya buluu ikaruka, wajumbe wote wakaiona kwa macho yao. Wakaazimia plagi mpya inunuliwe. Plagi ina risiti, na mimi sijaona kikao kilichokataa kitu chenye risiti. Baada ya plagi ikaja koili, baada ya koili kabureta nzima. Kila kipya kilipofungwa kiki ilipigwa, eksozi ikalia, kikao kikaahirishwa.

Kahawa nayo haikungoja kikao. Bibi Kuku wa Kamachumu alikuwa na vifaranga wa kulipiwa ada, na mibuni yake ilikuwa bado katika maua. Fisi akampitia jioni, si kama mwenyekiti bali kama jirani mwema mwenye noti mfukoni, akainunua kahawa ikiwa maua, butura ile ile inayopigwa marufuku kila mwaka mkutanoni. Bei aliitaja yeye mwenyewe. Bibi Kuku akahesabu noti, akahesabu vifaranga, akakubali.

Hatimaye akaja Tata Kobe. Alikuwa ameitwa tangu kikao cha kwanza, ila ndiyo kwanza anafika.

"Kijana, toa plagi, na hicho kifuniko cha pembeni."

Akachuma bua la nyasi, akalitumbukiza katika tundu la plagi mpaka likakaa juu ya pistoni, akamwambia Ngedere azungushe injini kwa mkono, taratibu. Bua likapanda. Likafika juu kabisa, platini zimefumba. Likaanza kushuka, likashuka tena, ndipo platini zikafunguka.

"Mmeona? Platini zinatakiwa kuachana pistoni ikiwa inakaribia kufika juu. Hapo ndipo petroli imeshindiliwa. Cheche mnayo, petroli mnayo, ila cheche inafika mwenzake keshaondoka."

Bibi Kuku akaangua kicheko. "Tata, hayo si ndiyo malipo yetu ya pili ya kahawa? Yangu yalinikuta mibuni ni ya mtu mwingine!"

Kobe hakucheka. Akaeleza kwamba kamu inayofungua platini hushikwa mahali pake na kichuma kidogo, hakizidi ukucha, na kisipokuwepo kamu hujizungukia ipendavyo. Hapa hakipo. Mwaka 1976 alipewa nani?

Ngedere akafunua daftari, akasoma moyoni, akalifunga. Lakini Bibi Kuku alikuwa ameshaona: katika shada la funguo za ghala la Fisi, ghala lililojaa kahawa ya butura, kilining'inia kichuma kilichong'arishwa vizuri.

Fisi akacheka kile kicheko chake. Akasema hoja ya mzee ni nzito, haifai kuamuliwa kwa pupa. Iundwe kamati ndogo ya kutafuta kichuma, na yeye yuko tayari kuiongoza bila posho ya ziada. Wakati huohuo zinunuliwe plagi mbili, moja ya akiba. Makofi yakapigwa, Jogoo akiwa wa kwanza.

"Andika kwamba nimekiona!" Bibi Kuku akapaza sauti. "Kiko pale, kiunoni mwake!"

Ngedere akalowesha kalamu mdomoni, akaandika kwa mwandiko mzuri: "Wajumbe hawakuwa na swali."