Kware Walipochukua Chumba cha Cherehani

Mume wangu alibadilisha kazi mara kadhaa na nyumba yetu isitikisike. Alianza kama karani wa mikopo katika benki moja pale Karatina, akahamia nyingine hapa Nyeri mjini, kisha ya tatu ikampeleka Nanyuki. Kila alipohama, kilichobadilika kwangu ni saa ya kuinjika chai, maana matatu za Nanyuki hazimngoji mtu. Mengine yote aliyabeba kichwani: kusoma taarifa ya akaunti, kuwapima wadhamini, kumweleza mkulima kwa upole kwamba malipo yake ya kahawa hayafikii mkopo anaouomba. Siku ya kwanza Nanyuki, kabla ya chai ya saa nne, alikuwa ameshaketi na mteja.

Mama yake, tunayeishi naye boma moja, aliyajua maisha hayo kuliko sisi. Alifundisha shule za msingi mpaka akastaafu, akihamishwa Othaya, Mukurweini, hadi Naro Moru kwenye upepo wa Mlima Kenya. Kila kituo kilikuwa na mwalimu mkuu wake na matope yake, lakini yeye alibaki mwalimu. Mshahara uliingia, wazazi walimheshimu, na Jumatatu ya kwanza alijua la kufanya.

Kisha ukaja msimu wa kware. Wengi nchini Kenya wanaukumbuka mwisho wa 2013, wakati yai dogo lenye madoadoa, la gramu kama 10 tu, lilipouzwa kwa bei ya mayai kadhaa ya kuku. Watu waliapa kwamba linatibu kisukari, shinikizo la damu na kila kilichowasumbua. Kwa kuwa kisheria kware alihesabiwa kuwa ndege wa porini, mfugaji alitakiwa kupata kibali cha shirika la wanyamapori, KWS, na wengi walichukulia kibali hicho kuwa ushahidi kwamba hapo pana mali. Mume wangu akakaa na kikokotoo. Kware huanguliwa kwa siku 17 hivi, na jike huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa tamu. Desemba akaandika barua ya kujiuzulu.

"Mama watoto," aliniambia, "nimehama tu, kama nilivyohama Karatina."

Benki zile zilikuwa zimempa meza na kiti. Kware walitaka chumba, na chumba kilichokuwepo ni changu cha cherehani. Ilikuwa Januari, mwezi ambao fundi wa sare za shule hulala kwa saa chache, na nikawa nashona chumbani kwetu, vitambaa vikiwa juu ya kitanda. Sikuwa na kinyongo na ndege. Nilichohisi ni kwamba uamuzi ulikuwa umefanywa kuhusu mikono yangu pia bila mikono yangu kuulizwa.

Vifaranga walitufundisha haraka. Kifaranga wa kware hupenya tundu la waya wa kawaida wa kuku, na huzama ndani ya kisahani cha maji ambacho kifaranga wa kuku angekivuka. Asubuhi ya kwanza tulikuta wengi wamekufa majini. Mvulana wetu ndiye aliyeokota changarawe nje akazijaza kwenye kisahani, wakabaki na nafasi ya kudonoa tu. Baadaye tulijua kwamba kila mfugaji mzoefu hufanya hivyo. Mtoto wa shule alikuwa amevumbua kile ambacho baba yake angeambiwa na mwalimu yeyote wa fani hiyo kwa dakika moja.

Juma la kwanza wanahitaji joto la nyuzi 35 hivi. Usiku wa Januari Nyeri anga huwa wazi, Mlima unaonekana wote, na baridi hushuka hadi mifupani. Stima ilipopotea usiku mmoja, taa za kuwapa joto zikazimika, tukawahamishia sebuleni kando ya jiko la makaa. Mama mkwe akafungua madirisha mawili na kukataa katakata yafungwe. "Moshi wa makaa hauna harufu ya kukuamsha," alisema. "Wafe ndege, si wajukuu wangu." Alisema kweli. Ndege wengine walikufa, wengine wakatoroka, wakawa wanaishi nyuma ya kabati na chini ya makochi.

Ndege hao walikuwa bado humo wazee kutoka Kerugoya walipokuja kwa ruracio, mazungumzo ya mahari, ya wifi yangu. Muratina ilikuwa imeshamiminwa, salamu zimekwisha, mazungumzo ya mbuzi na ng'ombe yameanza kwa adabu zake. Kware dume akalia nyuma ya kabati, mwenzake akamjibu chini ya kochi. Watoto wakacheka. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akamgeukia mume wangu: "Nawe mwanangu, unafanya kazi gani?"

Mume wangu alifungua mdomo, na mama yake akamtangulia. "Ni mtu wa benki."

Hakuna aliyebisha. Jioni, tukiosha sufuria, mama mkwe aliniambia kwa uchungu kwamba hakupenda kuwadanganya wageni. Mwanawe alikuwa ameacha kuwa kitu kimoja na hajawa kingine, na yeye kama mzazi hakujua amtambulisheje. Ndipo nilipoona ukubwa wa jambo lililotupata. Alipohama Karatina, hakuna mtu wa ukoo aliyelazimika kujifunza upya yeye ni nani. Safari hii mama yake, mke wake, watoto wake, hata mwenye duka anayetukopesha unga, wote walipaswa kujifunza.

Miezi michache baadaye bei ilianguka. Sababu yake ilikuwa wazi kwa aliyetaka kuiona: sehemu kubwa ya mayai yale ilinunuliwa na watu waliotaka kuyaangua ili nao wauze. Wafugaji wapya walipokwisha, wanunuzi nao walikwisha. Kwa miaka mume wangu alikuwa amewauliza waombaji mikopo, "Mnunuzi wako ni nani?" Yeye mwenyewe hakukaa upande ule wa meza. Tulikula mayai ya kware na irio, na ugali, mpaka watoto wakaomba maharagwe.

Mama mkwe ndiye aliyetukumbusha Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe kule Tetu. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu, akafundisha anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo kwao Nyeri. Akaenguliwa, chuo kikakataa kumrudisha, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Alipoteza mshahara na paa kwa pigo moja. Lakini kazi ya kupanda miti alikuwa ameianza zamani. Kampuni yake ndogo, Envirocare, ilikuwa imeshamshinda akiwa bado na kazi, na tarehe 5 Juni 1977 alikuwa amepanda miche saba Kamukunji, mwanzo wa Green Belt Movement. Ualimu ulipofungwa, fani ya pili ilikuwa na umri wa miaka mitano, makosa yake ya utotoni yamelipiwa na mshahara wa ile ya kwanza. Tetu ilimchagua kuwa mbunge mwaka 2002, na Tuzo ya Nobeli ya Amani ikaja 2004.

"Huyo hakuruka," mama mkwe alisema. "Alikuwa ameshavuka nusu ya mto."

Mume wangu alirudi kwenye hesabu. Chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kilimpa kazi ya vitabu, kwa malipo madogo kuliko ya benki, na hapo akabadilisha kazi tu, ujuzi ukiwa ule ule. Alasiri alikwenda kwa jirani mwenye ng'ombe, akafagia zizi, akajifunza kukamua na kutambua kiwele chenye ugonjwa. Alihudhuria mafunzo pale Wambugu, chuo cha wakulima, akiketi na vijana wa umri wa wapwa zake. Kisha akanunua mtamba mmoja. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, na muda huo ulitutosha kupanga zizi likae wapi, nani akate majani ya matete, na cherehani yangu ilipe nini maziwa yakichelewa. Aliacha vitabu vya chama pale tu maziwa yalipoweza kulipa karo.

Mwaka jana binti yetu mkubwa, muuguzi, alisema anataka kuacha uuguzi akawe mpishi wa keki. Baba yake hakumkataza. Alimuuliza mambo matatu: utajifunza kwa nani, nani atanunua, na utakula nini ukiwa bado mwanafunzi? Mawili ya kwanza aliyajibu vizuri. Amepata fundi, na tayari ana oda za harusi za Jumamosi. La tatu tumelibeba sisi wazazi kwa mwaka mmoja, tukakaa mezani, tukaliandika, na kila mtu wa nyumba hii akatia sahihi.