Jogoo wa Mnada na Nyanya za Getini

Nina ugomvi na jogoo. Sisemi jogoo wa jirani anayewika saa tisa usiku, huyo tumeshazoeana. Namsema jogoo wa mnada wa kanisani.

Kwa msomaji asiye Mlutheri: kwetu ibada ikiisha tunatoka nje tukiimba, tunakusanyika uwanjani kwa sala ya mwisho, kisha vitu vilivyoletwa kama sadaka vinanadiwa hapo hapo. Trei ya mayai, mkungu wa ndizi, miwa, maboga, na ikifika sikukuu ya mavuno hata mbuzi. Fedha inaingia kwenye hesabu za usharika. Utaratibu wenyewe siupingi hata kidogo. Unamwezesha mkulima asiye na noti mfukoni kutoa kama wengine, tena anatoa kitu alichokilima au kukifuga mwenyewe. Ninacholalamikia ni kile kinachotupata sisi wa mjini tukishaona kuku ameinuliwa juu.

Mzee wa kanisa anayenadi ana sauti ya kutosha usharika mzima. Kipaza sauti anakishika kwa heshima tu. Anaanzia elfu kumi na tano. Mwenye gari kubwa anasema ishirini. Mwenye gari kubwa zaidi anasema arobaini, maana wote wawili wako kamati ya ujenzi na hawaivi. Akina mama wanapiga vigelegele. Sitini! Themanini! Jogoo anaangukia laki moja, na mnunuzi, badala ya kumchukua kuku wake, anapunga mkono: "Auzwe tena!" Hapo vigelegele vinafika barabarani. Jogoo anauzwa upya. Mpaka kufika saa tano ameshamilikiwa na wakurugenzi wawili na mhasibu mmoja, na bado hajatoka mkononi mwa mzee.

Sasa twende wote getini, si mbali. Hapo kuna mama mwenye beseni la nyanya.

"Mama, fungu bei gani?"

"Elfu moja tu, baba yangu."

"Elfu moja? Nyanya nne hizi? Nifanyie mia saba."

"Baba, nimezifuata Ilala alfajiri, hata nauli yangu haijarudi."

"Mama, sisi tumetoka kusali. Usitulangue siku ya Bwana."

Wanakubaliana mia nane. Akishafungiwa anaomba nyongeza. Akipewa nyongeza anaomba na pilipili. Na anayeomba pilipili ni yule yule wa laki moja, tai yake ikiwa haijapoa. Laki imetoka huku anatabasamu. Mia mbili ameipigania kama shamba la urithi.

Nimelitafakari jambo hili wakati wa mahubiri (mchungaji anisamehe) na nimeona tofauti ni vigelegele. Mama wa nyanya hana wa kumshangilia mteja wake. Angekuwa na akili ya biashara angekodi akina mama watatu kutoka kwaya, wasimame nyuma ya beseni na sare zao, kila anayelipa elfu moja kamili bila maneno apigiwe vigelegele na kutajwa jina. Jioni angekuwa ananunua kiwanja Kibaha.

Tena wala hatuwezi kusingizia kwamba hatukuambiwa. Injili ya Marko sura ya 12 inasimulia kwamba Yesu alikaa kuelekea sanduku la hazina hekaluni, akaangalia watu wanavyotoa. Akaja mjane na sarafu mbili ndogo. Aliyoyasema juu ya huyo mjane aliwaambia wanafunzi wake; hatusomi popote kwamba mama yule aliitwa mbele, akapewa kipaza sauti, akaulizwa anajisikiaje. Alitoa, akaenda zake, labda bila kujua kama yupo aliyemwona. Kwa utaratibu wetu wa leo hata namba ya bahasha yake ya sadaka tusingeikumbuka.

Tuache mnada, tuingie maegesho. Ibada ya kwanza inatoka, ya pili inaingia, geti ni moja. Watu waliopeana mikono ya amani ndani sasa wanapeana honi. Kuna gari lina stika nyuma inayotangaza kwamba linalindwa kwa damu ya Yesu, na nakubali, maana kwa jinsi linavyomchomekea bodaboda, ulinzi mwingine wowote ungeshindwa. Dereva akishusha kioo, yale yatokayo mdomoni hayamo katika liturujia. Halafu macho yanakutana na ya mama mchungaji, na sauti inabadilika hapo hapo: "Bwana Yesu asifiwe, mama!"

Kuna watu walilipima jambo hili la haraka. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa seminari ya Kikristo ya Princeton, watu wanaosomea utumishi. Kila mmoja alitakiwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa wazungumzie ule mfano wa Msamaria Mwema. Njiani alikuwa amewekwa mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Waliokuwa wameambiwa wamechelewa, mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyemsaidia. Waliokuwa na nafasi ya kutosha, asilimia 63. Na mada aliyokwenda nayo mtu kichwani haikuleta tofauti ya maana. Wapo waliokuwa wanakimbilia kuongelea Msamaria Mwema, wakamruka mgonjwa wakaendelea na safari.

Niliposoma hayo nilipata silaha niliyoitafuta miaka yote dhidi ya matangazo ya kanisani. Kumbe tatizo ni muda! Ndoa inatangazwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwaya ya vijana inaomba nauli, funguo zimeokotwa, gari lenye namba fulani limeziba njia, halafu mtangazaji anasema "kwa kumalizia" na kugeuza karatasi upande wa pili. Tukitoka hapo kila mtu amechelewa mahali. Ukitaka Wasamaria, punguza matangazo. Nilimpelekea hoja hii mzee wa kanisa mmoja. Alinisikiliza kwa upole, akasema wazo ni zuri, litatangazwa.

Ila nisiwe mwongo, hata mwenye muda ana njia zake za kukwepa. Iliyo nyepesi kuliko zote ni "tunakuombea". Kundi letu la jumuiya kwenye simu lina watu wengi na maombi mengi zaidi. Mama mmoja akaandika usiku kwamba mtoto ana homa kali, hana usafiri wa kumfikisha hospitali. Majibu yakamiminika. "Pole sana mpendwa." "Mungu ni mwaminifu." "Tunasimama nawe." Mikono ya kuomba ikajaa skrini mpaka ikabidi upandishe sana kulitafuta ombi lenyewe. Wenye magari hapo walikuwa kadhaa, na nina hakika hawakuwa wamelala, maana waliandika "Amina". Mtoto alipelekwa na kijana wa bajaji anayelala chumba cha uani, ambaye kundini hayumo na kanisani haonekani. Hata nauli alisema ataichukua siku nyingine.

Sina neno na maombi. Nyumbani kwangu tunaomba mpaka chai inapoa. Lakini waraka wa Yakobo sura ya 2 una mtu wa aina hii kabisa: anamwona ndugu hana nguo wala chakula, anamtakia heri, anampa maneno ya joto na shibe, na hampi kitu. Yakobo anauliza faida yake ni nini. Hakuna aliyemjibu mpaka leo, na kundi letu lina wasemaji hodari.

Jamii nyingine inayonichosha ni wadaiwa waliookoka. Ukimfuata mtu wa kawaida unayemdai atajificha, na wewe utajua umefichwa. Huyu wetu hajifichi. Anakuja mbio, mikono miwili: "Bwana Yesu asifiwe, mtumishi wa Mungu!" Ukishaitwa mtumishi, utaanzia wapi kudai elfu themanini? Anakushika bega, anakwambia amekuona kwenye ndoto umevaa nyeupe, anaondoka. Nguo nyeupe hizo ningezinunua kwa pesa yangu aliyonayo.

Yote hayo ningeyavumilia. La dada wa nyumbani silivumilii.

Jumapili familia nzima inapendeza, inaingia garini, inakwenda kumsifu Mungu. Dada anabaki anamenya viazi, maana wageni wa jumuiya watakuja saa nane. Kama amechukuliwa kanisani, amechukuliwa pamoja na mtoto, na neno likianza tu mtoto analia, dada anatoka naye nje. Mahubiri ya mwaka mzima anayajua kwa nusu ya kwanza. Mwisho wa mwezi anaambiwa, kwa sauti ya kichungaji kabisa, "Dada, mwezi huu tumebanwa, unajua tuna ahadi ya jengo." Yaani kanisa linajengwa kwa mshahara wake, na jina litakalosomwa ni la baba mwenye nyumba.

Mshahara wenyewe si wa kutisha. Amri ya mishahara ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi wakati huo. Rudi kwenye hesabu ya jogoo uone. Wapo wasiolipa hata hiyo, na ukiwauliza wanasema "anakula hapa, analala hapa", kana kwamba wao wenyewe kazini wanakatwa chai.

Na maandiko hapa hayana mafumbo. Mambo ya Walawi sura ya 19 inakataza ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Asubuhi! Sisi tunaulaza mpaka tarehe kumi na mbili, na tunauamsha kwa manung'uniko. Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika masikioni mwa Bwana. Kwaya yetu imenunua spika mpya mwaka huu, kubwa, za kutetemesha madirisha ya jirani. Sijui kama zinaushinda huo mshahara kwa sauti.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya huku unachana nywele kuwahi ibada ya pili, tarehe unaijua. Kama mwezi umekwisha na dada hajapata chake, mtumie sasa hivi kwenye simu kabla hujawasha gari. Na uweke na ya kutolea.