Sifa za Mlango Uliofungwa

Nimewahi kufungiwa mlango na mwenye nyumba, na mjomba, na hata kondakta wa daladala, lakini sijapata kufungiwa kwa adabu kama alivyonifungia muuza viatu wa Bayreuth. Alitazama saa, akauvuta ndani ubao wa matangazo uliokuwa barabarani, akaniona nimesimama na kofia yangu ya sufu, akasema: "Schönen Feierabend." Ndiyo kumtakia mtu jioni njema baada ya kazi. Sikuwa nimetoka kazini. Nilikuwa nimetoka maktaba, kusoma sura moja kwa saa nne bila kuielewa. Ufunguo ukalia mara mbili, taa za dirishani zikabaki zinawaka, nami nikabaki na viatu vyote vya duka lile bila msumbufu.

Wanafunzi wenzangu waliotoka nyumbani huulaani mlango huo. Wanasema mji gani huu, unalala na kuku. Mimi nausifu, na ushahidi ninao.

Kwanza, ni mlango wenye ukoo. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria ya saa za kufunga maduka mwaka 1956, na kwa miaka mingi siku za kazi mwisho ulikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwaka 1996 kamba ikalegezwa hadi saa mbili usiku. Mwaka 2006 kila jimbo likaruhusiwa kujiamulia, mengi yakalegeza zaidi, lakini Bavaria, ambako Bayreuth iko, ikang'ang'ania saa mbili yake. Sasa mwezi Juni jua la huko huzama baada ya saa tatu. Mswahili anajikuta anasema "saa mbili usiku" huku amekunja uso kwa mwanga, na maduka yote yamefungwa mchana kweupe wa usiku. Lugha yangu haikuumbiwa mambo hayo, lakini mlango hautetereki.

Pili, hauna maneno. Kwetu Tanga kupita dukani jioni ni gharama. Duka la Mangi lina dirisha la nondo, na nyuma ya nondo kuna jicho. Ukipita bila kusalimia, kesho nyumba nzima imeshaambiwa kwamba mtoto wenu siku hizi anaringa. Ukisalimia, utaulizwa mama anaendeleaje, na ukishajibu kwamba mama hajambo huwezi tena kuondoka mikono mitupu. Utachukua hata kiberiti. Huna hela? Daftari lipo. Jina langu limo katika daftari lile tangu nikiwa kidato cha pili, na sidhani kama limewahi kufutwa lote. Mlango wa Bayreuth haukopeshi, hausengenyi, wala haukuulizi habari za mama. Miezi minane hakuna mlango ulioniuliza habari za mama.

Tuendelee. Wapo wanaolalamikia Jumapili. Hao wajue wanabishana na Katiba: kifungu cha Katiba ya Weimar ya mwaka 1919 kinachoilinda Jumapili kuwa siku ya mapumziko kilichukuliwa kama kilivyo katika Katiba ya sasa ya mwaka 1949. Kwa hiyo siku nilipopika maharage ya Jumapili nikagundua sina chumvi, yalikosa chumvi kikatiba. Wauza maua huruhusiwa kufungua kwa saa chache, hivyo aliyeishiwa chumvi anaweza kununua waridi. Vituo vya mafuta navyo huruhusiwa kuuza mahitaji ya msafiri. Nikajiuliza, mtu aliyetoka Tanga kwa basi, ndege mbili na treni mbili, kama si msafiri ni nini? Nikaenda. Chumvi nikapata, kwa bei ambayo Mangi angeona haya kuitaja.

Na hela yenyewe tusiifiche. Ili nipate viza ya mwanafunzi niliweka euro 11,904, yaani kipande cha shamba la Muheza pamoja na michango ya ukoo, katika akaunti ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto: akaunti iliyofungwa. Kila mwezi ilinidondoshea 992, kama bomba la mtaani kwetu wakati wa kiangazi. Utaona basi jinsi nilivyokuwa nimepangika. Fedha zangu nyuma ya mlango mmoja, viatu nyuma ya mwingine, na mimi katikati, Maximilianstraße, nikipunga upepo. Januari upepo ndio ulionipunga.

Viatu hivyo vilikuwa vya ngozi, rangi ya hudhurungi, na niliviita vyangu tangu jioni ya kwanza. Sheria ya huko inataka bidhaa iliyo dirishani iandikwe bei, navyo viliandikwa 129. Duka likiwa wazi nisingethubutu kufungua mdomo. Madukani kule watu hawapatani bei. Lakini mlango ukishafungwa, na barabara imebaki ya mimi na mpanda baiskeli mmoja, nilikuwa huru kupatana kama alivyonifundisha shangazi sokoni Ngamiani. Nikaanza na arobaini. Kiatu kikanyamaza. Nikaondoka polepole, ule mwendo wa kujifanya umeghairi, nikingoja kuitwa. Sikuitwa. Kesho yake nikarudi na arobaini na tano.

Hapo ndipo nilipoujua ubora wa mlango. Hauapi kwamba kwa bei hiyo hata mtaji haurudi. Haukudanganyi kwamba wewe ndiye mteja wa kwanza leo. Mwishoni mwa Januari, bila kutamka neno, ukateremka hadi 99. Katikati ya Februari, 79. Shangazi mwenyewe, kwa ulimi wake wote, hajawahi kupunguziwa euro 50 kwa kusimama tu njiani akitetemeka.

Mwezi Machi, 992 yangu ilipodondoka, nilitoka maktaba mapema kwa makusudi. Saa moja na nusu nikaukuta mlango wazi. Kengele ikalia, yule mama muuza viatu akaniuliza anisaidie nini, na Kijerumani chote kikanikimbia. Nikaonyesha kwa kidole. Ilikuwa imebaki namba 46. Mimi navaa 42.

Nikatoka, nikazunguka kidogo, nikangoja. Saa mbili akavuta ubao wake ndani, akanitakia jioni njema, akafunga. Dirishani alikuwa ameshaweka jozi nyingine, nyeusi, 149. Nikausogelea mlango, nikakohoa kidogo, nikasema: hamsini.