Yah: Ombi la Kulisoma Jalada la Ng'ombe Kabla ya Rufaa

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mashtaka,
Ofisi ya Taifa ya Mashtaka,
Dodoma.

Mheshimiwa,

Shikamoo nyingi kutoka Enguserosambu, kata ya mpakani katika Wilaya ya Ngorongoro, ambako ukikohoa kwa nguvu unasikika Kenya. Nakuandikia bila wakili kwa sababu sina cha kumlipa, na kwa Kiswahili kwa sababu tangu mwaka 2021 sheria imekubali kwamba hii ndiyo lugha ya mahakama. Kabla ya hapo, mtu wa huku aliweza kujitetea kwa Kimaasai, akatafsiriwa kwa Kiswahili, akaandikiwa hukumu kwa Kiingereza, kisha akaulizwa kama ameelewa.

Nia ya barua hii ni kutoa pongezi. Mahakama siku hizi huziweka hukumu zake mtandaoni kila mwenye kifurushi azisome, nami nimezisoma nyingi za rufaa za wizi. Nimeguswa na uungwana wa mawakili wako. Mrufani anasimama na sababu zake za rufaa, mara nyingine alizoandikiwa na mfungwa mwenzake mwenye mwandiko mzuri, akitetemeka kwa kujua kwamba Serikali nzima imekuja kumpinga. Halafu wakili wa Serikali anainuka, anarekebisha tai, anasema Jamhuri inaunga mkono rufaa. Ushahidi, anasema, haukutosha kumtia hatiani.

Si kila mtu anaweza kusema hivyo hadharani. Kuna waume huku kwetu wamezeeka bila kuwahi kukiri kwamba walikosea njia ya kwenda kisimani. Kwa hiyo hongera. Mimi shida yangu ni kalenda tu.

Maana rufaa, Mheshimiwa, haileti ushahidi mpya. Jaji aliyekaa Arusha, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa kwa barabara, anasoma karatasi zilezile zilizoandikwa kwenye mahakama ya wilaya yetu, Loliondo: hati ya mashtaka, mwenendo wa shauri, vielelezo, hukumu. Hati ya ukamataji ambayo haionekani leo kwenye rufaa haikuwapo hata siku ile mshtakiwa alipopandishwa kizimbani mara ya kwanza. Shahidi ambaye hakuitwa, hakuitwa tangu mwanzo. Kama wakili wako wa Arusha ameliona tundu hilo asubuhi moja akiwa na kikombe cha chai, mwenzake wa wilayani aliyelishika jalada lilelile miezi kadhaa alikuwa akitazama nini?

Nadhani alikuwa akitazama ng'ombe. Na hapo naomba nikupe somo bure, kwa kuwa kwenye hati za mashtaka ng'ombe wetu huandikwa kama magunia ya sementi: idadi, neno "mali ya", na thamani kwa shilingi. Rangi hakuna. Jinsia mara ipo mara haipo. Tuseme wameibwa watano. Polisi na wananchi wanafuata nyayo, wanakuta ng'ombe kwenye boma la mtu, mlalamikaji anaitwa, anaonyeshwa, anasema "ndio hawa". Anapofika mahakamani anaulizwa aliwatambuaje. Anajibu kwamba anawajua ng'ombe wake. Mwendesha mashtaka anasema asante, anaketi.

Jibu hilo ni la kweli kabisa, na kisheria halina thamani hata ya mkia. Mzee wa Kimaasai anajua zizi lake kama mwalimu anavyojua darasa lake. Hawa ni watu ambao hata koo zao zimegawanyika pande mbili kwa rangi ya ng'ombe: Odomong'i, wa ng'ombe wekundu, na Orok-kiteng', wa ng'ombe mweusi. Alfajiri anasimama mlangoni mwa zizi wakati mifugo inatoka, hahesabu, anatazama tu, na asipomwona mmoja anamtaja kwa rangi na kwa mama yake. Ukimuuliza vizuri atakwambia huyu ana baka jeupe chini ya kitovu, pembe ya kushoto imeinamia jicho, chapa ya ukoo iko pajani. Atamshika sikio, alikunjue, akuonyeshe mkato ulivyokaa na kovu dogo pembeni yake pale kisu kilipoteleza ndama aliporusha kichwa. Ushahidi wote huo unatembea kwa miguu minne, na hakuna aliyemwomba auseme.

Tena sheria haikutaka makubwa. Mahakama zetu zimerudia kwamba mwenye mali aeleze alama za pekee kabla hajaonyeshwa kilichokamatwa, kwa sababu baada ya kuonyeshwa hata mimi naweza kueleza gari la Waziri. Ndiyo maana ile kanuni mnayoipenda, ya mtu kukutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita, huanguka kila mara kwa mshindo uleule: mshtakiwa amekutwa na ng'ombe, sawa, lakini nani amethibitisha kwamba ni wale wa mlalamikaji? Ukimkuta Mmaasai na ng'ombe, umethibitisha tu kwamba umefika Ngorongoro.

Ukija kwenye ukamataji, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka anayekamata mali kutoa stakabadhi, isainiwe na aliyekutwa nayo na mashahidi waliokuwapo. Karatasi moja. Huku kwetu kikao cha kitongoji cha kugombania mbuzi huandikiwa muhtasari wenye mahudhurio, ajenda na sahihi za wajumbe. Msafara wa kukamata ng'ombe wa mamilioni unarudi na maneno "tuliwakuta".

Halafu kuna utambuzi wa usiku. Shahidi aliwaona wezi saa nane za usiku akiwa mlangoni, kulikuwa na mbalamwezi, akawatambua. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilieleza maswali ya kumuuliza shahidi wa namna hii: aliwatazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa kiasi gani, aliwahi kuwafahamu kabla. Ni maswali ambayo mama yeyote humuuliza mtoto aliyesema ameona nyoka chooni. Kila mwanafunzi wa sheria nchini amekariri jina la Waziri Amani. Na bado hukumu za kesi hizo zinaendelea kutenguliwa kwa sababu hakuna aliyeuliza mbalamwezi ilikuwa ya ukubwa gani.

Sasa turudi kwenye kalenda. Kwa wizi wa mifugo Kanuni ya Adhabu inafika hadi miaka 15. Aliyebahatika hupata 5. Mfungwa wa miaka 5 mwenye tabia njema hupunguziwa thuluthi, kwa hiyo atakaa miaka 3 na miezi 4. Ana siku 10 za kutoa kusudio la rufaa na siku 45 za kuikata, na nakala ya hukumu ina mwendo wake. Akishindwa Mahakama Kuu aende Mahakama ya Rufani, asubiri kikao. Mtu mwenye tabia njema gerezani anaweza kabisa kumaliza kifungo kabla wakili wako hajaunga mkono rufaa yake. Ningekuwa mshauri wake ningemwambia avunje sahani chache ili angalau ashinde akiwa bado ndani.

Ni nafuu kuliko zamani, sikatai. Sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1963 ilimpa mwizi wa mifugo miaka 2 na viboko 24: 12 siku ya kuingia, 12 siku ya kutoka. Viboko 12 vya kuingilia havina rufaa.

Najua utasema makosa ya upelelezi yarekebishwe kwa kusikiliza kesi upya. Mlango huo nao una kufuli la siku nyingi. Tangu shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966, mahakama zetu zimeshikilia kwamba kesi haisikilizwi upya ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba matundu yake. Kwa hiyo tundu likiachwa Loliondo, linabaki tundu hadi mwisho wa dunia.

Hapa nisieleweke vibaya, hasa na jirani zangu. Wizi wa mifugo upo. Mpaka uko karibu, minada ya ng'ambo iko karibu, na si kila anayefunguliwa kwa rufaa ni malaika. (Babu zetu walidai Mungu wao, Enkai, aliwateremshia wao ng'ombe wote wa duniani, na dai hilo pia lilikosa stakabadhi.) Ndiyo sababu nakasirika mara mbili. Kama aliyefunguliwa hakuiba, amekula miaka yake gerezani Kisongo kwa jalada lisilo na kitu. Kama aliiba, mmemsafisha kwa muhuri wa Mahakama ya Rufani, na mlalamikaji anabaki na hadithi. Mlalamikaji haambiwi hata kwamba rufaa imesikilizwa. Anamkuta mtu wake mnadani Wasso akinunua tumbaku.

Hukumu zenyewe humalizika kwa sentensi moja: mrufani aachiwe huru mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Hilo "nyingine" huwa nalisoma mara mbili. Baada ya hapo hakuna fidia inayokuja yenyewe. Kuna lango la gereza na safari ya kurudi.

Mheshimiwa, una mamlaka ya kuondoa shtaka lolote kabla ya hukumu. Na tangu mwaka 2022 sheria inazuia kufungua mashtaka kabla upelelezi haujakamilika, ukiacha makosa makubwa yaliyotajwa. Basi naomba hivi: jalada la ng'ombe kutoka Loliondo likifika mezani, lisomwe na yule wakili muungwana wa rufaa, siku hiyohiyo, kabla ya kusainiwa. Akiuliza chapa iko wapi na stakabadhi imesainiwa na nani, na asijibiwe, jalada lirudi kwa mpelelezi. Mpelelezi akija huku tutamwonyesha masikio ya ng'ombe mmoja mmoja, chai ipo na maziwa hayana deni.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa Enguserosambu, asiye na kesi hadi leo asubuhi

Nakala:
Mkuu wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai, Wilaya ya Ngorongoro.
Mwenyekiti wa kitongoji, aibandike kwenye mti wa mikutano.
Mlalamikaji na mshtakiwa, wote wawili.