Namna ya Kununua Petroli ya Baridi Gongoni

Ndugu yangu wa bodaboda, siri hii usiimwage kijiweni.

1. Amka saa kumi alfajiri. Petroli ikipata joto huvimba. Nyuzi moja huiongezea ujazo kwa kama asilimia 0.1. Pampu ya sheli huhesabu lita tu, joto haiulizi. Basi lita ya alfajiri imeshiba, ya mchana wa Oktoba imevimba kichwa. Misafara ya zamani ya hapa Unyanyembe iliondoka kabla jua halijachomoza. Wewe nani hata ulale?

2. Usiulize tenki la sheli liko wapi. Utaambiwa liko chini ya ardhi, na huko chini alfajiri na adhuhuri hupishana nyuzi moja, pengine isifike. Hayo ni maneno ya kukatisha watu tamaa.

3. Hesabu ukiipiga, ipige mbali na mkeo. Kwa nyuzi hiyo moja, lita 10 zinakupa nyongeza ya mililita 10: vijiko viwili vya chai. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita inavimaliza kwa nusu kilomita. Sheli ikiwa mbali kuliko hapo, faida umeichoma njiani. Zima injini, sukuma. Ukikutana na mtu, mwambie plagi imechafuka.

4. Ukifika, gusa pampu kwa kiganja, kisha tikisa kichwa kama fundi. Stika ya Wakala wa Vipimo usiitazame, wala usiangalie kama namba zimeanzia sifuri. Kiwango cha kimataifa huivumilia pampu ikosee hadi nusu asilimia, mara tano ya hiyo baridi uliyoiamkia, lakini hilo halina utamu wa kusimulia.

5. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Lita ya 3,000 ikishuka shilingi 50, ni kama umeipoza kwa nyuzi 17 bila kutoka kitandani. Ni uvivu huo! Hata kama umesikia bei itashuka, wewe jaza Jumanne.

6. Mhudumu atatoka na kitenge mabegani, macho bado mazito: “Kaka, ya shilingi ngapi?”

Jibu kwa sauti ya mwenye lori: “Ya elfu tano.”

Hapo umevuna theluthi ya kijiko. Ukifunga mfuniko, likidondoka tone kwenye suruali, lifute kimyakimya.