Siku Moja Salzburg

Ukipanda meli ya kitalii kwenye Mto Danube, utauziwa pia siku moja Salzburg, Austria. Kasoro ni ndogo tu: Salzburg haiko Danube, iko kando ya Salzach. Basi unashushwa Linz, unapakiwa basi kilomita mia na ushee, unaonyeshwa nyumba alimozaliwa Mozart mwaka 1756, unanunua chokoleti yenye sura yake, unarudishwa melini chakula hakijapoa. Mozart mwenyewe aliuhama mji huo mwaka 1781 baada ya kukosana na mwajiri wake, askofu mkuu. Sura yake ndiyo ingali kazini.

Huku Githongo, katika Meru ya Mto Kathita, bonasi ya chai ikinona, huenda nasi tukaenda. Ila tuige adabu za Waaustria wakiwa ugenini. Mwaka 1888 Teleki na Höhnel, kutoka Austria-Hungaria, walifika kwenye ziwa lenye wenyewe, wakalibandika jina la Rudolf, mrithi wa kiti chao cha enzi. Likaja kuitwa rasmi Turkana mwaka 1975. Kwa hiyo wazee wangu, mkishuka basi, achaneni na chokoleti. Nendeni moja kwa moja mtoni, mtangaze kwamba mmeugundua, na kuanzia leo unaitwa Kathita.